Koti la Njano Nyuma Yangu

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijanywa kitu zaidi ya chai. Naanza na hilo kwa sababu najua mtakavyosema, na mimi ningekuwa msikilizaji ningesema vilevile. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika, na pale ambapo kosa ni langu nitasema ni langu.

Kazi yangu ni kuwaongoza watu kwa baiskeli. Wanakuja Bukoba wakitafuta njia za changarawe, lami hawaitaki. Nawatoa mtaani kwetu Bakoba asubuhi, tunapita Kanazi katikati ya migomba na mibuni, tunatokea rweya, yaani ile nchi ya nyasi tupu ambako hakuna anayelima, halafu tunaingia msitu wa mipaini. Msitu unashuka sana. Chini kabisa, upande wa Muleba, kuna vilima vya mchanga karibu na ziwa, na hapo baiskeli haiendeshwi, inasukumwa.

Wageni walikuwa waje Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kwa hiyo Alhamisi nikataka kuikagua njia kwanza. Mke wangu, Koku, akasema anakuja.

"Wewe ukishika usukani hugeuki nyuma," akasema. "Siku moja utapoteza mtoto wa watu."

"Kwa nini nigeuke? Nasikia tairi. Changarawe inaniambia kila kitu."

"Haya, Baba Kemi. Masikio yako ndiyo kiongozi, sisi tunafuata."

Alivaa koti la mvua la njano, lile alilonunua mnadani, kubwa mpaka magotini. Mfukoni mwa sketi akaweka emwani, zile kahawa zetu zinazochemshwa na kukaushwa na maganda yake, tunazotafuna. Amezifunga kwenye jani kavu la mgomba kama alivyofundishwa na mama yake kule Kimwani. Na kama ninyi si watu wa huku, jueni jambo moja: anayekupa emwani anatafuna yake kwanza, mbele yako, ndipo anakupa wewe. Ni kukuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Wengi siku hizi hawajali. Koku hajawahi kuliruka, hata kwangu. Tulipopumzika Kanazi alitafuna, akanitolea ulimi kama mtoto kuonyesha amemeza, ndipo akanipa.

"Miaka kumi na tisa bado unaniona mgeni?" nikamtania.

"Mume ni mgeni anayekaa muda mrefu."

Tulicheka sana. Nimekitaja kicheko hicho kwa sababu ni cha mwisho cha namna ile.

Rweya tuliikuta na ukungu. Umetoka ziwani, mzito, nyasi za hatua kumi huzioni. Kabla ya kuingia msituni Koku akaniita.

"Baba Kemi, breki ya nyuma inashika halafu inaachia. Tusimame."

"Tutaitazama chini, mchangani."

"Chini? Na huu mteremko?"

"Shuka taratibu tu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikuyapunguza wala kuyaongeza. Nilikuwa na haraka ya nini? Sijui.

Nikashuka. Nyuma yangu nikasikia tairi juu ya changarawe, krrr, sawasawa na kila siku. Nikipunguza, nazo zinapunguza. Niaminini, niligeuka mara mbili, maana alikuwa amenisema. Mara zote mbili niliona koti la njano kwenye ukungu. Ila nisidanganye: niliona koti, uso sikuuona.

Kuna daraja dogo la mbao kabla msitu haujaisha. Mbao mbili zilikuwa zimevunjika. Nikasimama, mguu mmoja chini, nawaza wageni watapitaje hapo. Bila kugeuka nikanyoosha mkono nyuma.

"Lete emwani."

Zikawekwa punje mbili kiganjani. Vidole vilikuwa baridi, lakini na siku yenyewe ilikuwa ya baridi. Nikazitia zote mdomoni. Sikungoja. Zikasagika kama mchanga.

"Leo hukuziosha?"

Nikajua amenuna kwa ajili ya breki. Nikameza, nikaendelea.

Nilipofika mchangani nikashuka kwenye baiskeli nikaanza kusukuma. Mchangani tairi haisemi. Ndipo nikageuka kumuuliza kama amechoka, na hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umepungua, naona mpaka pale msitu unapoanza. Mchangani palikuwa na alama ya baiskeli moja. Yangu.

Nikaita. Nikapiga simu, haipatikani. Nikaitupa mizigo, nikarudi napandisha huku nakimbia, baiskeli begani pale pasipoendeka. Ukingoni mwa msitu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima anakata nyasi.

"Waitu mama," nikamwita kwa heshima ya Kihaya, "umemwona mke wangu? Tumepita hapa wote wawili sasa hivi."

Akajinyoosha, mundu mkononi. "Umepita peke yako, mwanangu."

"Mama, alikuwa nyuma yangu! Ana koti la njano!"

"Koti nimeliona," akasema. "Mtu ndiye sikumwona."

Nisimsingizie yule mama. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu wake, na huenda hakumaanisha ninavyofikiri. Lakini aliacha nyasi zake zote pale, akashika njia ya nyumbani bila kuniaga.

Kupanda msitu ule kwa kawaida ni saa moja. Siku hiyo sijui ilikuwa muda gani. Niliita "Koku" mpaka sauti ikakauka. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo mengine siwezi kuyatimiza. Nilipiga magoti kila palipo na kichaka nikaangalia chini yake, mwanamume mzima, nalia kamasi. Hakuna aliyeitika. Karibu na juu kabisa, si mbali na pale alipoomba tusimame, nikaona changarawe imechimbwa na tairi, mchirizi mrefu unaingia korongoni.

Alikuwa ameegemea mpaini, mguu umegeuka vibaya. Hai! Nikateremka kwa makalio. Naye aliponiona akaokota jiwe.

"Usinisogelee."

"Koku, ni mimi."

"Hata wakati ule ulisema ni wewe."

Koti hakuwa nalo. Alikuwa anatetemeka ndani ya blauzi iliyolowa. Akaniambia yote huku jiwe liko juu. Kwamba alipoanguka tu, mimi nilishuka korongoni. Baiskeli sikuwa nayo. Nikamvua koti, nikasema nakwenda kuleta watu. Nikampa punje moja ya emwani, nikamwambia aile, atapata nguvu, na mtu akiita asiitike.

"Nikakwambia tafuna kwanza," akasema. "Ukanitazama tu. Hukujua ninasema nini. Miaka kumi na tisa, Baba Kemi, halafu hujui?"

"Uliila?"

"Sikuila."

"Ulinisikia nikiita?"

"Nilikusikia. Niliziba masikio."

Akaingiza mkono mfukoni mwa sketi, akatoa lile jani la mgomba, akalirusha miguuni pangu. "Tafuna. Nikuone."

Nikachukua moja nikatafuna. Niliangusha mbili. Nikatoa ulimi kama alivyofanya yeye asubuhi. Jiwe likamtoka mkononi, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata pikipiki, akalazwa. Mguu umepona, ingawa anachechemea. Koti halijapatikana mpaka leo. Inawezekana mtu aliliokota, siwezi kulikataa hilo. Inawezekana pia alijigonga kichwa akaota, na mimi nikafuata sauti ya baiskeli yangu mwenyewe. Yote haya nimeyapima.

Lakini ile punje aliyopewa aliiweka. Siku ya tatu, kitandani, akanipa niipasue kwa wembe. Ndani hapakuwa na kahawa. Ganda lilikuwa limejaa mchanga mweupe laini, kama wa kule chini ziwani, na hapakuwa na tundu popote ulipoingilia.

Ndipo nikamwambia habari za darajani. Ningeweza kunyamaza, nikaona si haki.

"Ulikula ngapi?" akauliza.

"Mbili."

Akageukia ukutani.

Kazi ya kuongoza watu nimeiacha. Nikitembea hata hapa Bakoba, juu ya lami, nasikia tairi kwenye changarawe nyuma yangu, krrr. Nikisimama, inasimama. Kila jioni Koku anaweka emwani mezani na mimi natafuna kwanza. Zamani alikuwa anatafuna baada yangu. Tangu mwezi uliopita hatafuni tena, ananitazama mdomo tu, kisha anazifunga. Nimlaumu? Yule aliyeshuka korongoni alikuwa na uso wangu, na mimi ndiye niliyekula. Usiku nikiamka najigusa mashavu.

Kwa hiyo ninyi mnaopita njia zile, na wengi mtapita maana ni nzuri kweli, mwenzako akisema tusimame, simama hapohapo. Usiridhike na tairi unazosikia. Geuka, ngoja mpaka uone uso, muulize kitu ambacho ni yeye tu anayekijua. Na usipokee emwani kwa asiyetafuna kwanza, hata kama umelala naye kitanda kimoja miaka yote.

Jana jioni nilichukua punje ya kwanza kutoka kwenye jani, zile alizochemsha Koku mwenyewe, nikiziona tangu zikiwa jikoni. Nikauma. Ikasagika kama mchanga.

"Ziko sawa?" akauliza.

Nikameza, nikamtolea ulimi.

"Ziko sawa," nikasema.