Sauti Iliyopita Juu ya Vichwa

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, siisahau. Ndiyo kwanza nimefungua chumba cha kusikilizia muziki hapa Usagara, ningali kijana, najiona fundi sina mfano. Spika zangu mbili nilizipandisha juu ya makabati, moja kila kona. Nikasimama kwenye mtambo, nikaongeza besi, ile sauti nzito, nikaongeza trebo, ile nyembamba, nikaridhika. Wageni nao, kwa desturi yetu, wakavua viatu wakaketi mkekani.

Alikuja Bi Zuhura kutoka Tongoni. Ujanani aliimba na dada yake, Mwanaidi, ambaye alikwisha kufariki. Sauti ya marehemu ilibaki kwenye kanda moja tu, ya harusi, na Bi Zuhura hakuwa ameisikia kwa miaka.

Kanda alikuja nayo, nikaiweka. Kuta zikatetema. Akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Ngoma naisikia," akasema. "Dada yangu umemficha wapi?"

Haraka nikapandisha trebo.

"Aa! Sasa wakaanga samaki, nasikia chaa tu. Njoo uketi hapa."

"Bibi, mbona mimi namsikia vizuri?"

"Wamsikia wewe uliyesimama. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Keti!"

Nikaketi, na haya zikanishika. Besi, mwanangu, huenea chumba kizima kama harufu ya pilau, na kona huizidisha. Trebo huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na tochi yangu ilikuwa ikimulika ukuta, juu ya vichwa vya watu.

Nikazishusha spika juu ya vigoda, usawa wa masikio ya aliyeketi, nikazivuta mbali na kona. Trebo nikairudisha katikati. Besi nikaipunguza kidogo, naketi kusikiliza, nainuka, naipunguza tena.

"Fundi, hiyo rakaa ya ngapi?" mmoja akanitania, chumba kizima kikacheka.

Kicheko kikakatika ghafla. Mwanaidi alikuwa anaimba, hata pumzi yake yasikika.

"Huyo," Bi Zuhura akanong'ona. "Huyo dada yangu." Kisha akaingia kuitikia, pale pale alipokuwa akiitikia zamani.

Vigoda vile ninavyo hadi leo, na watu hutoka Nguvumali kuja kusikiliza kwangu. Najivunia, sikufichi.

Basi nakuusia: kabla hujaongeza, sogeza, na kabla hujasogeza, keti anapoketi msikilizaji. Mungu akujaalie sikio lenye subira, na kila atakayeketi mkekani pako amsikie yule aliyekuja kumsikiliza.