Arubaini Iliyonipita

Kile kigari nilikichukia tangu kilipoteremshwa garini. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Kina magurudumu manne, kofia ya kuzuia jua, mkanda wa kumfungia mtoto, na mfuko wa kutilia chupa ya maziwa. Mwanangu alikuja nacho kwa boti kutoka Unguja, kula sikukuu kwetu Ole. Mumewe alibaki kazini, kwa hiyo alifuatana na watoto wake wawili na mama mkwe wake, ambaye moyoni nilimwita Bibi wa Unguja.

Mtoto mdogo, wa kike, alikuwa na miezi tisa, na mimi ndiyo kwanza namtia machoni. Nilinyoosha mikono. Akanitazama, akakunja uso, akapiga ukelele, akajificha kifuani kwa bibi yake yule mwengine.

"Anaogopa wageni," Bibi wa Unguja akasema.

Wageni! Mimi mgeni, tena barazani kwangu mwenyewe! Nilicheka kwa meno tu.

Kwetu mwana wa kike hurudi kuzaa kwa mama yake, na arubaini huilalia kwa mama yake. Kaka wa yule mtoto, aliyekuwa na miaka minne, nilimpokea mimi alipozaliwa. Mwanangu alilala chumbani mwangu siku zote arubaini. Nikamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya makonyo ya karafuu, nikamwogesha mtoto, nikakiangalia kitovu mpaka kikadondoka. Huyu wa pili, daktari alimkataza mwanangu kupanda boti. Na mimi nilikuwa namuuguza mama yangu, Mungu amrehemu, ambaye hata kugeuka kitandani hakuweza bila ya mkono wangu. Basi arubaini ikaenda kwa Bibi wa Unguja, na mtoto akaenda nayo. Walikuja kwa siku tatu tu. Nilichokitaka ni kimoja: mtoto anijue kabla hajapanda boti.

Sikukuu pili tukakodi gari, tukateremka mjini Chake, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto. Kulijaa watu hadi getini: watoto wametiwa wanja mpaka wanatisha, maputo, ubuyu, muziki kila upande wake. Bibi wa Unguja alisukuma kigari mbele kama dereva wa waziri, na mimi nyuma nimebeba kapu la chakula.

"Hebu nisukume na mie," nikamwambia.

"Utaniangushia, mzazi mwenzangu. Hiki kina breki zake."

Ati nitamwangushia! Nimelea watoto sita, hakuna aliyeanguka ila yule aliyepanda mwenyewe juu ya mkarafuu. Wivu ulinipanda. Nikajikaza kisabuni.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mnaujua. Tulipofika karibu na pembea magurudumu yakazama. Akasukuma, akavuta, akarudi nyuma. Kigari kikatulia pale pale. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi! Nikaweka kapu chini, nikajifuta mikono kwa kanga. Nikasema moyoni, sasa mtoto atatolewa, na mikono iliyo mitupu ni yangu.

Lo! Bibi wa Unguja alifungua mkanda, akamchopoa mtoto, akamkalisha kiunoni, akamfunga kanga kwa mkono mmoja, upesi kuliko ninavyofunga mimi. Kisha akanitazama kwa upole.

"Basi wewe tuletee kigari."

Nikakikokota. Nimekipakia kapu, viatu vya mtoto na chupa yake, matope mpaka kwenye pindo la buibui. Mwanamke mmoja muuza embe akanipigia kelele, "Bi, mjukuu umemsahau wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamjibu nimembadilisha kwa embe, lakini roho iliniuma.

Mwanangu akampeleka kaka mtu kupanga foleni ya pembea. Nikamwona anamnyanyua ili aone, kisha anajishika kiuno. Sisi wazee tukakaa kwenye ukingo wa ukuta, mtoto kalala begani kwa mwenzangu, mdomo wazi. Nikashindwa kunyamaza. Nikamchoma.

"Mwanangu ulimkanda vizuri lakini? Maana naona kiuno bado kinamsumbua."

Nilidhani atakuja juu. Hakuja juu. Alimweka mtoto vizuri begani.

"Nilimkanda asubuhi na jioni," akasema. "Na kila nikimgusa analia. Hasemi anaumia. Anasema, 'Mama hakandi hivi.' Nikabadilisha mkono. Nikabadilisha mafuta. 'Mama hakandi hivi.' Arubaini nzima, mzazi mwenzangu! Nilikuwa nimekuona siku ya harusi tu, hujanikosea kitu, na nilikuonea kijicho mpaka nikisali naona haya."

Nikatazama kwenye foleni. Mwanangu bado alikuwa kajishika kiuno, uso umemchongoka, na mimi ule uso nilikuwa nao nyumbani tangu jana. Nilikuwa nimemwuliza hujambo, basi. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kigari.

Tuliporudi Ole nilisali alasiri, nikainjika maji jikoni, nikatoa chupa ya mafuta ya makonyo, nikatandika mkeka chumbani kwangu. Nikamwita.

"Lala hapo."

"Mama! Arubaini imepita zamani."

"Lala nimesema."

Akalala kifudifudi. Nikachovya kitambaa, nikakamua, nikaanzia chini ya kiuno, pale ninapopajua mimi. Mara nikaona mabega yanatikisika.

"Ndivyo," akasema, uso umo mkekani. "Ndivyo hivyo, mama."

Na mimi nikalia, lakini mikono sikuisimamisha.

Mlango ukafunguka. Bibi wa Unguja aliingia na mtoto, akakaa kizingitini. Mtoto akamponyoka, akatambaa mpaka kwenye mkeka kumfuata mama yake, akashika goti langu, akajiinua, akasimama. Hakulia. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, sikuweza kumshika, na sikutaka kumshtua. Nikabana pumzi, nikaendelea kukanda, naye kashikilia goti.

Nikainua macho. Bibi wa Unguja hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akiitazama mikono yangu, na macho yake niliyajua, maana nilikuwa nayo mwenyewe tangu jana.

"Hebu nione unavyoanza," akasema taratibu. "Hapo kiunoni."

"Naam, mzazi mwenzangu, karibu," nikamjibu.

Kisha nikasogea kidogo, mgongo wangu ukamkinga asione.