Filamu ya Jikoni Kwetu

Usiku ule nililala nimeshiba pilau ambayo sikuiamini.

Nilikuwa nimekuja Morogoro kumwona baba. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, shati linampwaya mabegani. Na wakati huohuo Mama Rehema, mke aliyemwoa miaka michache baada ya mama yetu kufariki, alikuwa anapika kama kuna harusi: pilau, kuku wa kuchoma, kachumbari yenye ndimu. Mtu anapikiwa hivyo, halafu anakonda vipi? Jirani mmoja alikuwa ameninong'oneza kwamba hata mume wa kwanza wa Mama Rehema alikonda hivyohivyo kabla ya kufa. Tangu hapo nikawa nanusa masufuria kila anapotoka jikoni, na anapopakua namwangalia mikono.

Jioni ile tulitazama filamu ya zamani ya upelelezi, zile nyeusi na nyeupe za watu wenye makoti marefu. Baba ana sanduku zima la kanda, na deki yake bado ni nzima. Mama alipokuwa hai, Jumapili zetu zote zilikuwa hivyo: sahani mapajani, mapazia yameshushwa, na mama anamtaja muuaji mapema, sisi tunabisha. Safari hii hakuna aliyetaja mtu. Baba alisema ameshiba, akaenda kulala filamu ikiwa katikati. Sahani yake ilikuwa imechokonolewa tu.

Nikalala na mimi.

Mara ni mchana. Niko sebuleni, na mama ameketi kwenye kochi lake, kajifunga kanga yake ileile ya kijani, macho kwenye runinga. Sikushangaa. Nilikaa chini miguuni pake kama zamani, nikaegemea goti lake, nikalihisi lina joto. Nilitaka kufurahi, ila hata yeye nikamtilia shaka. Mbona hanitazami?

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinionyesha runinga kwa kidevu.

Kwenye kioo kuna jiko letu. Mama Rehema yumo, mweusi na mweupe kama watu wa kwenye filamu, anageuza wali. Nyuma yake amesimama mpelelezi mwenye kofia, hasemi kitu, anasubiri. Kisha si filamu tena. Ni mimi niliyesimama pale, kofia iko kichwani kwangu na inanibana, mvuke unanipiga usoni. Mama Rehema anapakua. Siondoi macho kwenye vidole vyake. Anafuta ukingo wa sahani kwa ncha ya kanga, polepole, namna mtu anavyomfuta mtoto uso.

"Ni yeye, mama?" nauliza.

Sauti ya mama inatoka karibu kabisa na sikio langu. "Umetazama mkono wa anayepakua mpaka basi. Tazama mdomo wa anayekula."

Nageuka. Jiko limekuwa meza, na baba amekaa peke yake. Anatafuna. Anatafuna kwa muda mrefu, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamlengalenga. Halafu anaangalia huku na huku kama mwizi, anatema tonge kiganjani na kulidondosha chini ya meza. Anainua uso, ananiona. Sijawahi kumwona baba na aibu kama ile.

Mama ameshafika mlangoni. Nje hakuna ua wetu, kuna weupe tu, kama kioo cha runinga kabla picha haijaja.

"Mwambie baba yako asije," akasema. "Sijamwita."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na jikoni kulikuwa na mtu. Nikamkuta Mama Rehema anapitisha uji kwenye chujio.

"Shikamoo, Mama Rehema. Mbona unachuja uji?"

"Marahaba." Alinitazama, akaweka chujio chini. "Usipochujwa haupiti. Na hata hizo nyama za pilau napika kwa ajili yako, yeye hazigusi. Aliniapisha nisiwaambie."

Nikachukua kikombe, nikampelekea baba barazani.

"Baba, mama alikuja usiku. Anasema usije. Hajakuita."

Nilidhani atanikemea, maana si mtu wa kusikiliza ndoto. Alizungusha kikombe mkononi.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Kanga ya kijani."

Akainama. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kooni, ukabaki hapo. "Ni tangu Ramadhani," akasema. "Chakula kinakwama hapa. Sikutaka kuwatia hofu."

Ulikuwa uvimbe kooni, nao uliwahiwa, na leo anakula, ingawa wali wake ni lazima uwe laini. Lakini asubuhi ile hatukuwa tunajua hayo. Tulijua tu kwamba tunakwenda hospitali, na baba akamwomba Mama Rehema amtafutie viatu.

Mama Rehema alikuwa amesimama mlangoni. Kumbe alikuwa amesikia yote. Alisogea karibu yangu kwanza.

"Na mimi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "alinisema?"

"Hapana, mama. Hakukusema kwa baya lolote."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kutafuta viatu.