Barua Iliyosomwa Ufukweni Kashikishi

Katika miaka ya sabini kulikuwa na njia mbili za kupeleka karatasi ng'ambo ya Ziwa Mweru, na kila mtu Nchelenge alikuambia kwamba zote mbili ni rahisi. Posta: unabandika stempu, unatumbukiza, unaondoka. Boti: unampa mchuuzi wa samaki pale Kashikishi, na jioni barua iko upande wa Zaire. Mimi nilizitumia zote mbili katika mwezi mmoja, na sijui ninaichukia ipi zaidi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Lusaka, nangoja kazi, namchosha kila mtu nyumbani kwa maswali. Siku moja baba alirudi kutoka ofisi ya leseni za uvuvi amekunja uso. Karani mpya alimtaka athibitishe kabla ya mwisho wa mwezi kwamba amezaliwa nchini, la sivyo hapati leseni. Baba alizaliwa Kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, upande wetu, na wavuvi wote wa rika lake walijua hivyo. Karani hakutaka wavuvi, alitaka karatasi. Na karatasi pekee iliyotaja mahali alipozaliwa baba ilikuwa ndani ya kitabu cha ubatizo cha misheni ya ng'ambo, maana bibi alimvusha akabatizwe huko.

"Andika wewe," baba aliniambia. "Padri anakili ukurasa, apige muhuri."

Nikamuuliza padri atautafuta ukurasa huo kwa jina la nani. Baba alikwenda akafunga mlango, mchana kweupe.

"Kwa jina la mama yangu tu. Pa baba hapakuandikwa kitu. Hakuwa na mume."

Huyu ndiye aliyeongoza sala kila Jumapili, na ndiye aliyewasimamisha mabinti waliopata mimba kabla ya kuolewa, akawaondoa kwenye kwaya mbele ya watu. Nilikuwa na maswali mengi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuuliza hata moja. Niliandika, nikaifunga bahasha kwa gundi.

Mimi mwenyewe nisingeweza kuvuka. Kijana msomi asiye na kibali angeishia mikononi mwa askari wa upande wa pili. Wachuuzi walikuwa na vibali. Basi nikaenda Kashikishi kwa mama mmoja Mkongo aliyenunua samaki wakavu na kuwavusha kila wiki. Alikuwa amekaa juu ya magunia yake. Aliigeuza bahasha, akanirudishia.

"Fungula, usome."

"Ni barua ya baba, mama. Si yako."

"Mukanda wenye kufungwa haupande mu boti," alisema; mukanda kwao ni barua. "Soma, batu bote basikie."

"Wote wa nini? Basi nikusomee wewe peke yako, pembeni."

"Eh, bwana université!" Aliwageukia wenzake, wakaanza kucheka. "Basoda, baaskari ba kule, banafungulaka kila kitu. Bakikuta maneno mubaya, banapiga mimi peke yangu? Banapiga boti muzima. Njo maana boti muzima inasikia."

Nilimwambia barua ni ya aliyeandika na aliyeandikiwa, na kwamba huo ni ushamba. Nililisema neno hilo kwa sauti, nikaondoka.

Posta, karani alipokea barua yangu ya rejista kwa heshima zote. Nikamuuliza itapita wapi. Lusaka, alisema, halafu Kinshasa, halafu itashuka kusini mpaka ziwani. Siku isiyo na ukungu, vilima vya ng'ambo vilionekana kutoka mlangoni pake. Nilimuuliza kama haoni kichekesho. Hakuona. Barua ile haijajibiwa mpaka leo.

Zilipobaki siku kumi mwezi kwisha, baba aliniuliza kama posta imejibu. Nikaandika nyingine, nikarudi Kashikishi na bahasha iliyo wazi. Yule mama hakuwa amesahau.

"Mushamba anakusalimia," akasema. "Soma."

Abiria wa boti walisogea, na wanawake wa kwetu waliokuwa wakianika samaki wakasogea pia, ingawa boti haikuwahusu. Nikasoma kwa haraka. Nilipofika kwenye jina la bibi nikaruka sentensi moja, nikaendelea na mahali pa kuzaliwa. Fundi wa mota, mtu aliyesoma kwa mapadri, alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Umeruka mustari," akasema.

"Hauna maana."

"Kama hauna maana, juu ya nini unauficha?"

Mama mchuuzi akakunja mikono. "Ule mustari njo bunduki. Karatasi haipande."

Nilikuwa nimeanza kuwatukana, ndipo baba akaja. Boti yake ilikuwa imevutwa mchangani hatua chache kutoka pale, na alikuwa amesikia yote. Alinyoosha mkono, nikampa. Akausoma mstari ule kwa sauti ileile ya sala za Jumapili, pole pole, kila neno: mama wa mtoto hakuwa na mume, pa baba hapakuandikwa kitu.

"Eeh! Hata huyu!" mtu akasema, na kicheko kikapita.

Mwanamke mmoja wa kwetu hakucheka. Aliweka chini ungo wake wa samaki.

"Tata," alimwita kwa heshima, kama kwetu tunavyosema baba, "binti yangu ulimtoa kwenye kwaya. Ulimwambia mbele ya kanisa zima, mimi nimekaa. Ulimtoa kwa nini?"

Nilingoja baba amjibu. Nilitaka kulisikia jibu hilo kuliko yeyote pale. Baba alikunja karatasi, akampa mama mchuuzi.

"Umesikia. Peleka."

"Nitapeleka, baba," yule mama akasema, na sasa hakuwa na kejeli, jambo lililoniudhi zaidi.

Siku ya nne ukurasa ulifika, umenakiliwa kwa mkono mzuri wa padri, umefungwa ndani ya nailoni, mkavu kabisa. Nilikwenda na baba ofisini. Karani aliuinua, akautazama muhuri kwenye mwanga wa dirisha, akachukua wa kwake akaupiga juu ya leseni.

"Husomi?" nikamuuliza.

"Muhuri upo. Nisome nini?"

Nilimwambia ufukwe mzima umeusikia, isipokuwa yeye aliyeudai. Baba alinishika mkono kwa nguvu, akanitoa nje. Njiani nilimuuliza atamjibu nini yule mwanamke. Alisema nimuulize mengine.

Jumapili, mtu mwingine alisimama kuongoza sala. Watu waligeuka kulitazama benchi letu, na mama yangu akakaza macho mbele. Baba alikuwa ziwani tangu asubuhi, leseni mpya mfukoni, akivua samaki siku ambayo hakuwahi kuvua.