Mume Wangu na Karai la Tambi

Bado naikumbuka Ijumaa ile, mwanangu. Nilikuwa nimelala chumbani nyumbani kwetu Mtoni, nina mimba changa, na harufu ya tui la nazi kutoka kwa majirani ilinifanya nitapike hata maji. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Mkunga alishanikataza kuinuka, kuteka maji, hata kupuliza moto. Na chakula hakikai tumboni. Mie niliyesifiwa mwili nilibaki mifupa.

Mume wangu Selemani alikuwa dereva wa lori, karudi kutoka Burma alikokwenda kumpigania Mwingereza. Siku hiyo aliporudi msikitini hakuniuliza kitu. Alitundika kanzu yake, akachukua karai, akaenda jikoni uani, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga ila kutafuta kaa la kuwashia sigara. Mara nikamsikia anakata vitunguu.

"Bwana, unafanya nini huko?"

"Napika. Wewe lala."

Mambo hayo alijifunzia vitani. Alipolazwa hospitali ya kambini, jikoni kulikuwa na mateka mmoja, kijana wa nchi inayoitwa Korea. Wajapani walimtoa kwao kwa nguvu wakamfanya mpagazi, kisha Waingereza nao wakamkamata kama adui. Selemani alikuwa na homa, hali kitu. Yule Mkorea akamkaangia tambi kwa namna ya kwao, na hicho kikawa chakula cha kwanza kutulia tumboni. Alipopata nguvu za kutembea akawa anashinda jikoni anamtazama. Hawakuwa na lugha moja. Walielewana kwa mikono.

Sasa sikiliza upishi wenyewe, maana na wewe utapika. Tambi, zilezile tunazozipika kwa sukari na iliki, alizichemsha kidogo tu, akazimwagia maji baridi zisigandane, akazipaka mafuta ya ufuta ambayo mama yangu aliniletea kutoka Lindi. Kisha kila kitu akakikaanga peke yake: kitunguu, karoti iliyokatwa njiti njiti, mchicha, nyama iliyochanwa nyembamba, na yai lililotandazwa kama chapati likakatwakatwa. Wao wana mchuzi wao mweusi wa kutilia. Sie hatukuwa nao, basi akaunguza sukari kidogo, akaiongezea maji na chumvi. Mwisho akarudisha vyote kwenye karai, moto mkali, anageuza upesi upesi. Akaniletea. Nikala, nikangoja kutapika. Sikutapika. Nikaomba tena.

Tangu siku hiyo akawa kila akitoka kazini anaingia jikoni. Ua wetu ulikuwa wa makuti, na jirani yetu Mama Zubeda alijua kila tundu lake. Haukupita muda, kisimani wakawa wanasema mke wa Selemani kamlisha mumewe limbwata, sasa anamtuma kama mtumishi. Hebu fikiri! Limbwata ni dawa ya kutiwa kwenye chakula cha mume, na mie hata mwiko sikuwa nimeushika.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mtaa uleule ulijaa wanaume wapishi. Kila alfajiri walipanda baiskeli kwenda nyumba za Wazungu kukaanga mayai na kuoka keki, na tuliwaamkia kwa heshima. Mwanamume akimpikia mke wa Mzungu, yuko kazini. Akimpikia mkewe anayeumwa, karogwa!

Jioni moja akaja Shemeji Athumani, kaka mkubwa wa Selemani, aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Alifuatana na wazee wa ukoo. Wakatandikiwa mkeka uani, mie nikaambiwa nibaki ndani. Nilisikia yote.

"Selemani, unatuaibisha," shemeji alisema. "Mrudishe mkeo kwao Lindi akauguzwe na mama yake. Na hiyo minyoo unayopika uiache."

"Kaka, barabara yenyewe unaijua mvua hizi. Lori likimrusharusha mpaka Lindi, mimba haifiki."

"Mimba huja nyingine."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilishika ukuta, nikatoka hivyo hivyo na khanga zangu. Sinia la tambi lilikuwa limeshapakuliwa. Nikaketi kwenye mkeka ubavuni mwa mume wangu, mbele ya wakwe zangu wa kiume, jambo ambalo siku zile mwanamke hakulifanya. Nikanawa.

"Shikamoo shemeji," nikasema. "Lindi sirudi. Kama kuna limbwata, limo humu siniani, na aliyelitia ni yeye. Onjeni wenyewe."

Nikaanza kula. Mzee mmoja aliguna kama anayetaka kucheka, akajizuia. Selemani naye akanawa, akatia mkono kwenye sinia lilelile, tukala wote wawili huku wanatutazama.

Athumani akasimama. "Umemchagua mwanamke, umeiacha damu yako."

"Nimemchagua, kaka," Selemani akajibu. "Na kesho napika tena. Ua nitaubomoa upande huu, anayetaka kuchungulia asipate tabu."

Na kweli, asubuhi yake aling'oa makuti. Akawa anapika peupe, na anayepita anamwitia: "Karibu!"

Mwezi wangu ulipofika nikajifungua mtoto wa kike, mzima, tukamwita Tatu. Shemeji hakukanyaga kwetu tena. Harusi za nyumbani kwake tulizisikia kwa ngoma tu. Ilimuuma Selemani, sikufichi. Kila Idi alivaa kanzu mapema akaketi barazani, anamngoja kaka yake mpaka jua linapanda. Mpaka kifo kinawatenganisha hawakupatana. Lakini jikoni hakutoka.

Basi nakwambia waziwazi, mwanangu. Watu watakuja kukupangia nyumba yako, nani ashike mwiko na nani aketi barazani. Waulize neno moja tu: nilipolala na njaa, wewe uliniletea nini? Mwenye jibu, msikilize. Asiye na jibu, mwamkie, mpe kiti, heshima yake usimnyime. Kisha fanya unaloliona ni haki. Usidhani utashangiliwa. Pengine utampoteza mtu unayempenda, na wala hatarudi. Simama hivyo hivyo. Na wewe mvulana usijifiche nyuma ya dada yako, nakuona: chukua kisu, kata kitunguu. Hakuna mwanamume aliyepungua kwa hilo.

Mola akujaalie mwenzi atakayejua unaumwa kabla hujasema. Akupe mikono ya kumhudumia na shingo ngumu ya kumtetea, na chakula cha nyumbani kwako kikae tumboni kwa kila atakayekila. Amin.