Zawadi Hakuitika

Nafundisha chekechea ya Montessori hapa Matogoro, na nilikuwa najisifu kwa utulivu wa darasa langu.

Juzi, kabla ya kutoka, tulicheza mchezo wa ukimya: watoto wanatulia, kila mmoja mahali alipochagua kukaa, nami nanong'ona majina mlangoni. Anayesikia lake ndiye anayeinuka.

Bibi yake Zawadi alipofika kumchukua, mtoto hayupo. Niliita kwa nguvu, kimya. Nikakimbilia chooni, nikamulika shimo kwa simu. Mwalimu mkuu akamtuma bodaboda akatazame barabarani. Mimi nikaanza kulia.

Bibi akaingia darasani, akachungulia nyuma ya kabati. Zawadi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Mbona huitiki, mjukuu wangu?"

Akajibu kwa kunong'ona, "Mwalimu bado hajaninong'oneza."