Ndagala za Koko Hazijakauka

Jirani yangu wa hapa Uvira, muntu wa biro, juzi alinionyesha mu simu oteli moja ya ku ziwa: viti ya mweupe, muavuli, glasi iko na limau juu. Anatafuta fasi ya kupumuzika wikendi na bibi yake, isikuwe mbali na muji. Akaniuliza mi, sababu nilikomalia Baraka, muji wa ku ziwa. Rafiki yangu, mi masomo niliachia katikati, na masomo yenyewe ilishukuru. Lakini kwa mambo ya wikendi, pale niko na diplome.

Wakati tulikuwa batoto, jumamosi mama alikuwa anatupakiza mu bwato ya moteri, tunavuka kwenda Ubwari kwa koko, mama yake. Si kila jumamosi. Kuko zingine mama alikuwa anasema leo iko nguo mingi ya kufua. Bwato ilijaa sabuni, magodoro, mbuzi, na bamama ba kucheka sana. Mi nilikuwa natapika mbele tufike katikati. Bale bamama baliniita Kapiteni, sababu kila safari nilikuwa ku pua ya bwato, kichwa chini, naangalia maji.

Sisi batoto tulienda kwa kula. Mama alienda kwa kazi moja: kuchukua koko, aje aishi na sisi Baraka. Bwana ya koko alishakufa, macho ilianza kuchoka, na njia ya kuteka maji ilikuwa mawe matupu. Mi nilikuwa naomba Mungu koko akatae. Akikubali, wikendi zetu zimekufa.

Na koko alijua kukataa. Kila tukifika tunakuta ametandika ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, ku muchanga zikauke, mbichi, zinaangaza, harufu inakuingia mupaka mu masikio. Na ndagala mbichi haiachwe. Unageuza, unafukuza kuku, na mvua ikinguruma bote munakimbia kukusanya. Mama anakunywa maji, anaanza:

«Mama, funga bintu, twende.»

«Na hizi? Unaona ziko na mikono ya kujigeuza?»

«Tutaachia jirani.»

«Jirani iko na paka tatu, na ye mwenyewe wa ine.»

«Basi wikendi ingine.»

«Wikendi ingine, mutoto yangu. Weye Kapiteni, geuza zile za kule, usizikule.»

Maneno inaisha pale. Mangaribi ni bugali ya mihogo na sombe ya majani yake, na samaki mukeke ya kuchoma yenye ngozi inapasuka ku moto. Tunalala ku mukeka, tumbo juu, tunasikia ziwa inapiga muchanga. Siku ya yenga kanisa, ngoma, kisha bwato. Nguo zetu zilinuka ndagala mupaka siku ya tatu. Ku masomo nilikuwa nakaa benchi mujima peke yangu, kama shefu.

Kisha koko akaanguka mu ile njia ya maji. Alikaa kati ya mawe mupaka jirani mwenye paka akamukuta. Batu ba bwato balituletea habari.

Jumamosi yenye ilifuata ilikuwa na mwezi mujima juu mbinguni. Batu ba ziwa banajua: ndagala banaivua mu giza, na mataa. Mwezi ikiangaza, ndagala inasambaa, bavuvi banabaki inje banashona nyavu. Tulifika, muchanga ilikuwa wazi, hakuna ata ndagala moja. Koko alisimama ku mulango, anaangalia mama anashuka mu maji.

«Umekuja na mwezi,» akasema.

«Ndiyo, mama.»

Mi, na akili yangu ya pole pole, njo pale nilielewa. Mama alizaliwa pale. Mambo ya mwezi alijua tangu utoto. Ile miaka yote alikuwa anachagua wikendi zenye ndagala iko mbichi.

Koko hakubishana. Alifunga chungu, mukeka na vitenge, kuku akapatia jirani. Mu bwato alikaa mugongo ku Baraka. Mi nikitapika, ye alinishika shati kwa nyuma.

Leo ile nyumba haiko. Ziwa ilipanda, ikakula muchanga wote wa kuanikia. Koko tulimuzika Baraka. Ule jirani wa biro nilimwambia aende tu ku oteli yake. Kwenye mi nilikuwa naenda, hakuna tena mwenye anapokea.

Lakini jumamosi ya kwanza ya koko Baraka, ile sisahau. Niliamuka asubui nikamukuta ameshaoga, amevaa kitenge ya kanisa, amekaa ku kiti karibu na mulango. Sisi batoto pia tulivaa, kwa mazoea, tukakaa chini pembeni yake. Mama akatoka na beseni ya nguo, akatukuta tumejipanga bote.

«Munaenda wapi?»

Mama akatua beseni, akarudi ndani, akavaa kitenge yake ya safari, akakuja kukaa na sisi.